Oili ya Lori la Maziwa

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeanza rasmi kazi ya Ofisa wa Ufundi katika ushirika wa wafugaji wa mlima Merbabu. Majaribio ni ya miezi mitatu. Nimevaa shati jeupe la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni — ya pili ni ya akiba, iwapo ya kwanza itazidiwa na fikra.

Jukumu la kwanza: kumchunguza Nyati. Ndilo jina la lori linaloteremsha maziwa kutoka kitongoji cha juu. Lina umri wa miaka thelathini na minane, yaani limenizidi kumi na mitano. Mwenyekiti, Pak (yaani Bwana) Hardono, anataka kujua kama liendelee au liuzwe chuma chakavu. Dereva ni Pak Sarju, aliyeshika usukani wake kabla mimi sijazaliwa.

Nimechomoa kijiti cha kupimia oili hapo hapo kwenye sakafu ya saruji mbele ya ofisi. Kimelowa hadi alama ya juu. Nimeandika kipimo na kupiga picha.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepanda kitongojini. Lori lilikuwa limeegeshwa kandokando ya banda la maziwa, pua ikitazama bondeni. Betri ni dhaifu injini ikiwa baridi, hivyo Pak Sarju huliachia liteleze ndipo liwake. Nikachomoa kijiti. Chini ya alama ya chini — kwa siku mbili tu!

Nikamwuliza Pak Sarju iwapo haoni kwamba injini inakula oili.

"Inggih, Mas," akajibu kwa upole. Ndiyo, kaka. "Huenda."

Nimeandika: *dereva anakiri.* Kisha nikaongeza lita moja na nusu.

Jambo jingine: kila siku, akifika uwanja wa voliboli wa kitongoji, mtu huyu huzima injini, huagiza kahawa kwa mkewe na kukaa robo saa nzima kabla ya kufungua boneti. Nimependekeza muda huo ufutwe.

Ijumaa, 6 Septemba

Palepale bandani, kijiti kiko chini tena. Nimeongeza lita nyingine. Wakati wa kuondoka, moshi wa buluu, mzito, sawasawa na kitabu kilivyosema. Sijawahi kufurahia moshi kiasi hiki.

Ripoti imekamilika: kurasa kumi na moja, grafu ya rangi tatu. Hitimisho: injini imekwisha, lori liuzwe, likodiwe jipya pamoja na dereva wake. Kuhusu Pak Sarju nimeandika sentensi moja: "Atashukuriwa kwa utumishi wake." Niliiona ina heshima.

Pak Hardono amesema ni ripoti ya kwanza yenye grafu kuwahi kuingia ofisini kwake. Wanachama wataipigia kura Jumamosi ya wiki ijayo. Nimelala mchana, usingizi wa mtu mwenye mustakabali.

Jumanne, 10 Septemba

Siku ya kuandikwa kwa herufi ndogo.

Bu Ginah (*Bu* ni Mama), mke wa Pak Sarju, alinisimamisha mbele ya kibanda chake cha kahawa. Habari za ripoti zilikuwa zimemfikia.

"Mas, mimi si mtu wa huku. Nimezaliwa Surabaya. Kwetu moto ukiwaka tunasema moto. Umesomea nini?"

"Uhandisi wa mitambo, Bu."

"Miaka mingapi?"

"Minne na nusu."

"Na katika miaka yote hiyo hamkuonyeshwa kilima?"

Akamimina kahawa kwenye glasi, akaipeleka hadi bandani, akaiweka juu ya bampa la Nyati, palepale nilipopimia. Kahawa ilikaribia ukingo upande mmoja. Upande wa pili ilipungua vidole viwili. Nikaitazama, nikaifikiria oili. Nadhani niliitazama muda mrefu, kwa sababu Bu Ginah aliniuliza kama nahitaji sukari.

Kisha tukashuka hadi uwanja wa voliboli. Ndipo mahali pekee palipo tambarare kitongojini. Waliuchimba wenyewe kwa majembe. Pak Sarju akaegesha, akazima. Nikanyoosha mkono kwenye kijiti.

"Subiri," akasema Bu Ginah. "Oili iteremke kwanza. Ama unadhani mume wangu anaipenda kahawa yangu kiasi hicho?"

Tulisubiri robo saa. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole vitatu. Moshi ule wa buluu niliutengeneza mimi.

"Pak, mbona hukuniambia?"

Pak Sarju alikuwa anakunja tambara. "Mas alikuwa anaandika."

Mimi ni Mjava, mtoto wa Mjava. Nilipaswa kujua kuwa *inggih* huweza kuwa ndiyo, huweza kuwa nimekusikia, na huweza kuwa Mungu akusaidie. Tumeimwaga oili ya ziada mpaka alama ya juu. Pak Sarju amesema hatafungua boneti tena hadi kura ya Jumamosi, wasije wakasema ameongeza.

Alhamisi, 12 Septemba

Nilikwenda kwa Pak Hardono kuiondoa ripoti. Alinikaribisha chai. Akasema barua ya kunithibitisha kazini imekwisha kuchapwa, mapema kuliko desturi. Akasema wenye gari la kukodi wamekwisha kuahidiwa. Akauliza, "Basi kila kitu kiko sawa, Mas?"

"Inggih, Pak," nikasema.

Nikamaliza chai.

Jumamosi, 14 Septemba

Ninaandika nimesimama, uwanja wa voliboli, mbele ya wanachama wapatao arobaini.

Mwenyekiti aliwasomea hitimisho langu. Akamwuliza Pak Sarju kama ana pingamizi.

"Hakuna, Pak. Mas amesoma."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mikono ilikuwa inaanza kunyanyuka niliposimama, nikasema kwa sauti ya mbuzi kwamba ripoti ni ya uongo: nilipima kwenye mteremko, na moshi ulitokana na oili niliyoizidisha mwenyewe.

Mtu wa nyuma akasema: "Basi na hicho chuo kipimwe oili." Walicheka wote isipokuwa mwenyekiti.

"Utathibitishaje?" akauliza Pak Hardono.

Nikasema Jumanne tuliiacha kwenye alama ya juu, hapa uwanjani. Tangu siku hiyo Nyati amepanda na kushuka kila asubuhi na mzigo wake. Tupime hapa hapa. Ikiwa imepungua, ripoti ibaki na lori liende. Pak Sarju akalileta, akazima saa tatu na dakika kumi.

Jibu silijui. Injini ya miaka thelathini na minane inaweza kula oili kweli. Nami nitakuwa nimejivunjia kazi hadharani bila kumwokolea mzee yake.

Dakika ya saba. Mwenyekiti ametazama saa mara tatu.

"Kijiti ni kijiti, Mas. Chomoa tuondoke."

Pak Sarju anatazama chini. Midomo yake inajiandaa kuitikia *inggih* kwa niaba yangu. Pak Hardono amepandisha mkono wa shati lake la batiki, ameingiza kidole kwenye pete ya kijiti.

"Hapana, Pak," nimesema. "Bado dakika nane oili iteremke."

Kidole hajakitoa, wala kijiti hajakichomoa.