Wifi, Haikuwa Dawa

Mpendwa wifi,

Nikikupigia simu utaniuliza hali za watoto, kisha utasema una chungu jikoni. Hiyo ndiyo adabu yako ukiwa umeumia, nami sina nguvu ya kushindana nayo. Nimechoka, wifi. Kwa hiyo nimeona niandike.

Unalikumbuka ghala letu hapa Fukayosi, na lile bati lililotobolewa na kutu upande wa mashariki? Mwaka nilioolewa na kaka yako ndipo bundi wawili walipohamia humo, juu ya boriti. Nilichukua ufagio niwatoe. Ukaushika mpini huku ukicheka: “Kaka yangu anakoroma usiku kucha na hujamtoa. Hawa wamekukosea nini?” Kila asubuhi ulifagia chini ya boriti na kuokota vile vidonge vya manyoya anavyotapika bundi. Ukivipasua kwa kijiti, ndani mna mafuvu madogo ya panya. “Hesabu mwenyewe walinzi wetu wamekula wangapi,” ulikuwa ukisema. Mahindi yetu yalifika masika yakiwa mazima.

Na lile neno tulilogombania? Nilirudi kutoka dukani na pakiti ya punje za buluu, nikasema nimepata dawa ya panya. Ukanikata kauli. “Dawa inaponya, wifi. Hiyo iite kwa jina lake, sumu.” Nikakuona una maneno mengi, maana hapa kwetu nani anasema sumu? Kwa muuzaji ni dawa, shambani ni dawa, na mimi nimekua nikisikia dawa. Hukutulia mpaka nikairudisha.

Kisha mama akafariki. Mama yako mzazi, mama mkwe wangu, aliugua kifua miezi mingi na kila mtu alijua. Lakini bundi alilia juu ya paa siku mbili kabla, na hilo likawatosha watu. Matangani nilimsikia kwa masikio yangu jirani yetu, Mama Zuhura: “Si huyu bintiye ndiye anayewafuga? Mtu hafugi bundi bure.” Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau. Nilijua kuliko mtu yeyote kwamba ulichokuwa ukihesabu pale ghalani ni panya tu. Nikanyamaza, nikaendelea kupakua. Niliogopa wasije wakanitaja na mimi. Arobaini ilipopita ulikunja kanga zako ukaenda kwa binti yako Kerege, na hukumlaumu mtu.

Ulipoondoka nilitaka watu waone nyumba yetu haina mkosi. Nikazinunua tena zile punje za buluu, nikazichanganya na unga na dagaa waliosagika, nikaweka kila pembe ya ghala. Panya hawakufa palepale. Walitoka mchana kweupe wakipepesuka uani kama walevi, nami nikacheka, nikasema dawa inafanya kazi. Siku ya nne asubuhi nilimkuta bundi mmoja chini ya boriti, damu imemtoka puani. Nilimnyanyua, alikuwa mwepesi kama fungu la majani makavu. Mwenzake nilimkuta kesho yake. Wiki ileile yule nguchiro aliyezoea kupita kwenye mihogo alikutwa amekufa, na mwewe mmoja naye akaanguka karibu na kisima. Mama Zuhura alipiga vigelegele, akasema mikosi imekwisha.

Bwana shamba alipopita nilimwonyesha. Akanieleza kwamba sumu ile huzuia damu isigande, na panya akishaila humkaa kwenye ini, naye hubaki siku kadhaa akizubaa. Basi anayemdaka anaila pamoja naye. “Umewatilia ndege sumu chakulani, mama,” alisema taratibu. Nilitamani anifokee.

Sasa panya wamerudi, wengi kuliko zamani, na hakuna wa kuwala. Kaka yako akifungua gunia, analifunga tena. Juzi alikuja Mama Zuhura, kanga yake ya Idi imetobolewa sandukuni.

“Jirani, ile dawa yako haikubaki hata kidogo?”

“Ile ni sumu.”

“Aa, dawa, sumu, si mamoja?”

Nikamwambia si mamoja. Nikamweleza yote: nani aliwaua wale ndege, na wewe ulikuwa ukifanya nini pale chini ya boriti. Akaondoka bila kuaga. Nadhani sasa zamu yangu ya kutajwa imefika. Basi na wanitaje.

Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi langu nimelichuma, nikawalisha ndege wako, na lililobaki nikakubebesha wewe. Ninafagia chini ya boriti kila asubuhi kama ulivyokuwa ukifagia. Sijaokota kitu.

Barua hii sikuitia bahasha. Itapita kwa muuza maziwa, kwa dereva, na dukani pale Kerege. Kila anayejua kusoma aisome, amsomee na asiyejua: wifi yangu hakufuga uchawi, alikuwa na walinzi wa ghala. Aliyewaua ni mimi. Aliyenyamaza matangani ni mimi.

Sikuombi urudi, sina uso huo. Lakini siku ukijisikia kunigombeza, nipigie, wifi. Nitapokea hata kama nina chungu jikoni.

Ni mimi wifi yako,
mke wa kaka yako, Fukayosi