Duka la Baba Lina Wageni

Dukani kwetu,
chumba cha nyuma,
14 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zangu nyingi huko uliko. Hujambo? Wifi yangu je, mgongo umempa nafuu? Na wanangu bado wanagombania kila asubuhi nani aanze kuoga? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoumwa, nao sijui niupeleke kwa daktari gani.

Wageni tunapata. Tangu fundi aweke jiko pale palipokaa magunia, na vitanda akaviweka kule stoo ya juu, watu wanakuja na vyakula vyao, wanajipikia, wanalala, wanaondoka. Ulisema tusiguse kaunta, mizani wala rafu, kwamba watu wa mjini watapenda kulala ndani ya duka la zamani, na ulisema kweli. Wanapiga picha na ile mizani utadhani ni bibi harusi.

Lakini Baba tulimsahau. Wewe, mimi na fundi, watu wazima watatu, hakuna aliyefikiri kwamba duka likibaki na sura yake, mwenye duka ataliamini.

Kumbukumbu yake unaijua ilivyo siku hizi. Mwezi uliopita walikuja mtu na mkewe, wakapanga unga, mchele na sukari kwenye rafu, wakaenda kutembea. Baba akapita mlango wa kati unaotoka huku chumbani kwetu, akaona duka limejaa, akafungua dirisha la kuuzia. Waliporudi walikuta imebaki pakiti ya chumvi, na jirani yetu fundi cherehani amesimama dirishani anasubiri kupimiwa sukari ya mwisho. Majirani hawana ubaya. Wanasema wakimkatalia analia, basi wananunua, kisha wananirudishia vitu kwa mlango wa nyuma. Siku hiyo nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sicheki tena, maana hakuacha. Amewauzia watu majani ya chai ya wageni. Amemfokea mama mmoja aliyeingia nyuma ya kaunta, kumbe maskini alikuwa anakoroga uji wa mtoto. Yule mama alifunga mizigo siku ile ile. Dalali anayetuletea wageni amenionya kwamba likitokea tena, tusimtegemee. Na wageni hao ndio wanaotulisha, ndio dawa za Baba. Kaka, maji yamenifika shingoni.

Jumatatu nikamwita seremala atie kufuli mlango wa kati. Baba alikaa kitandani akimtazama. Seremala alimaliza kazi akaondoka bila kuaga.

Jioni Baba akausukuma mlango, ukagoma. Upande wa pili wageni walikuwa wanacheka na kugonganisha sufuria. Akanigeukia, akaniuliza taratibu, kama mtu aliyeaibika:

"Mwanangu, tumefilisika?"

Habari za wageni nimeshamweleza mpaka ulimi umechoka, na kila mara anazisikia upya. Sikuwa na nguvu za kuanza tena. Nikamjibu, "Ndiyo, Baba."

Akasema, "Usimwambie mama yako kwanza. Niachie nitafute maneno."

Mama huyo huyo tuliyemzika mimi na wewe.

Tangu hapo mlango haugusi. Anakaa kitandani anachezesha midomo, anayatafuta hayo maneno. Katika yote anayosahau, hili moja amelishika. Nimejaribu kumwambia kwamba nilimdanganya, ananipapasa mgongo, anadhani namliwaza. Wageni wa juzi wamesifu utulivu wa nyumba yetu.

Njoo, kaka. Sikuiti kwa kuwa nina shauri, sina. Tukiondoa kaunta na rafu, wageni hawatakuja. Tukiziacha, Baba anaishi kwenye kifungo mlangoni pa duka lake. Nimeshika tama tu. Njoo tukae wawili.

Nisalimie wifi, nibusie wanangu mmoja mmoja, na huyo kitindamimba mara mbili. Shangazi yetu anakusalimu, anasema umemtupa. Mungu awalinde ugenini na awape usingizi, maana mimi wangu umenitoroka.

Salamu za Baba sikuletei. Nilipomwambia nakuandikia, alinishika mkono akaniomba nisikutajie habari za duka, usije ukaacha shule.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata katika haya.