Mfuko Mrefu wa Luhende

Bariadi, 13 Mei 2024

Mwangaluka shangazi,

Habari za Lamadi, na mguu wako unaendeleaje? Sisi wazima. Baba na mama wako Sapiwi wanavuna pamba, mama anakohoa kidogo tu. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu Winnie ameijua namba ya siri ya simu yangu, na unamjua mdogo wangu huyo kwa kusambaza habari. Joakim, konda wa basi, atakukabidhi mkononi.

Shangazi, kuna mwanaume. Anaitwa Luhende, fundi wa sola, amepanga karibu na ninaposhonea. Alikuja nimshonee mfuko wa kitambaa kizito, mrefu kama mtu, wenye kamba ya kufungia mdomoni. Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Wa kuwekea vitu." Alirudi kuuchukua, akarudi tena bila kazi yoyote, na sasa kila jioni anapita kunywa chai. Ni mpole, anachekesha, anasikiliza. Nampenda, nisikufiche.

Lakini Jumapili hayupo. Anasema ni mambo ya ukoo. Chumbani kwake kuna sanduku la mbao lenye kufuli na matundu madogo ubavuni. Nilipolisogelea akanishika mkono akanirudisha mlangoni. Sokoni nimemwona akinunua kuku hai, ila kwake sijawahi kusikia harufu ya mchuzi. Nifikirie nini?

Mwanao,
Kwandu

---

Lamadi, 20 Mei 2024

Mwanangu Kwandu,

Salamu zimefika. Mguu haujambo. Dagaa wamepungua, lakini hatulali njaa.

Huyo mwanaume simwelewi. Sanduku lenye matundu maana yake ndani kuna kinachopumua. Na mfuko mrefu kama mtu ukamshonea tu, hukuuliza mara ya pili. Pengine ana mke Maswa na hao kuku anampelekea mkwe. Pengine ni mganga, na mganga anayejificha mimi namwogopa kuliko mwizi. Chai anywe kwako, wewe usinywe kwake. Jumapili mfuate, ila usiende peke yako. Ukikuta mke, usigombane. Geuka urudi.

Shangazi yako,
Maximiliana

---

Bariadi, 14 Juni 2024

Shikamoo shangazi,

Natumaini hujambo. Mimi sijui kama ni mzima.

Jumapili tulimfuata hadi Lalago, mimi na jirani yangu Anna. Uwanjani kulikuwa na ngoma ya mavuno, watu wamejaa. Nikasikia wanamwita mtu, "Mwana wa Chatu, Mwana wa Chatu." Akatokea Luhende, njuga miguuni, mfuko wangu begani. Akaifungua ile kamba. Chatu mzima akatoka ndani ya mshono wangu mwenyewe. Luhende akamzungusha shingoni, akaanza kucheza.

Unanijua. Tangu nyoka aliponiangukia kitandani kutoka kwenye nyasi za paa, hata kamba ya ng'ombe nikiiona chini napita mbali. Nilikimbia mpaka barabarani, kiatu kimoja nikakiacha hukohuko. Luhende alinifuata, njuga zinalia, nyoka amemwachia mwenzake. Akasimama mbali kidogo.

"Kwandu, nilitaka kukuambia."

"Kaa hapohapo," nikamwambia, na tukapanda bodaboda.

Tangu siku hiyo anabisha hodi kila jioni. Sifungui. Aliyeficha chatu, kuna kitu gani kingine hawezi kuficha?

Mwanao,
Kwandu

---

Lamadi, 30 Juni 2024

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima. Nilikuwa nimeshika kalamu nikuandikie umwache, mtu akabisha hodi. Ni yeye. Alimpata Joakim, akamuuliza barua zako huwa anampelekea nani.

Nilimwangalia mikono yote miwili kabla ya kumkaribisha. Hakuwa na mfuko. Hata hivyo nilimkalisha nje, juani, karibu na meza ya dagaa, nikaanza kumhoji. Mke? Hana. Mganga? Hapana, ngoma ameirithi kwa babu yake, pamoja na huyo chatu. Sola je? Fundi kweli, taa yangu ya jikoni sasa inawaka.

"Kwa nini ulimficha mtoto wangu?"

Akasema, "Siku ya kwanza namwona alikuwa amesimama juu ya kiti, anamkimbia mjusi. Nikajua nikisema nimempoteza. Nikasema kesho. Kila siku nikawa nasema kesho."

Alikuwa anatetemeka, Kwandu. Mtu anayejizungushia chatu shingoni anamtetemekea muuza dagaa.

Bado simwamini sana. Ila mfungulie, umsikilize. Mlango uache wazi.

Shangazi yako,
Maximiliana

---

Bariadi, 25 Agosti 2024

Mwangaluka shangazi,

Unisamehe kwa kimya. Sote wazima, na mama kikohozi kimeisha.

Nilimfungulia. Nikampa masharti: sanduku lihamie kwa kaka yake huko Lalago, na asinifiche tena kitu chochote. Akaanza palepale. Akasema chai yangu ina sukari nyingi mno, amekuwa akiinywa kwa mapenzi tu. Nilinuna siku nzima, lakini nilimwamini kidogo.

Wiki iliyopita nikamwambia nataka kumwona huyo chatu, mchana kweupe. Tulipofika kwa kaka yake, Luhende alimshika kichwa. Mimi niliingia, nikatoka, nikaingia tena. Mwishowe nikamgusa mgongoni kwa kidole kimoja. Nilidhani ana utelezi. Mkavu, shangazi, na laini kama satini. Nikalia, kisha nikacheka, na kaka yake akafikiri nimechanganyikiwa.

Luhende akasema, "Utakubali nikuoe?"

Nikamwambia amrudishe kwanza huyo sandukuni. Alipofunga kufuli, nikakubali.

Sasa wazee wake wanataka kuja, na baba anachojua ni fundi wa sola tu. Nakuomba umwambie wewe, kaka yako atakusikiliza.

Mwanao,
Kwandu

---

Lamadi, 8 Septemba 2024

Mwanangu Kwandu,

Salamu nyingi. Nimerudi jana kutoka Sapiwi, miguu imevimba lakini niko salama.

Nilimwambia baba yako Mayala taratibu, alipokwisha kula. Aliendelea kuchokonoa meno mpaka nikaanza kutafuta kanga yangu niondoke. Kisha akauliza, "Ana urefu gani?"

Nikamwambia sijampima.

Akasema wazee waje, na chatu aje nao. Eti tangu utoto anatamani kumshika mmoja, na hajawahi kumwambia mtu. Mama yako alisimama akatoka nje. Nilimfuata, tukakaa hukohuko nje, tukimwogopa mzee wetu wenyewe.

Nitakuja siku hiyo, na nitavaa vizuri. Mimi na mama yako tumeshakubaliana kukaa karibu na mlango.

Shangazi yako,
Maximiliana