Kahawa ya Mzee Khalfani Shomari: Isiwe Chenga, Isiwe Unga

Baba, mwaka umetimia leo tangu ulipotutoka, na kinu chako bado kipo palepale nyuma ya mlango wa uani. Mama hataki kisogezwe. Mie Munira, mwanao wa kwanza, ndimi ninayeandika. Mama ananitajia maneno, machozi yakimzidi anayafuta, halafu anaendelea.

Tunakumbuka ulivyokuwa unabishana na watu hapa Tandika. Ukiambiwa kahawa ipeleke mashineni, ulikasirika kabisa. "Mashine inajua nini? Inasaga tu!" Kahawa ya kijiwe chako uliitwanga mwenyewe, ukaisugua kwa vidole viwili kabla ya kuichekecha. Ikibaki chenga, ulisema, maji yanaipita tu, inatoka nyepesi yenye uchachu. Ikilainika kama unga, inatoa uchungu wote na kumkaba mtu kooni. Yako ilikuwa ya katikati, kama sukari ya punje ndogo. Na asiyekuwa na hela alikunywa vilevile, na kashata juu.

Kisha kiharusi kikakupiga mkono wa kulia. Ulirudi kijiweni mapema mno. Tulikukataza, ukatutolea macho. Mchi uliunyanyua, lakini haukushuka kwa nguvu, kahawa ikabaki chenga. Jioni moja rafiki yako Mwalimu Gozbert, Mhaya aliyekulia kwenye mibuni, akaonja, akacheka: "Mzee Khalfani, leo umetupikia chai ya rangi?" Ulicheka na wenzako wa kijiweni, ila ulirudi nyumbani hukula. Watu wakaanza kuacha vikombe nusu, benchi likawa na nafasi. Tuliogopa, Baba. Tulijua kijiwe kikifa, na wewe hutakaa sana.

Ndipo Mama akaanza mambo yake. Ukishatwanga na kwenda msikitini kuswali alasiri, yeye anakiingiza kinu chumbani, anakiweka juu ya kanga zilizokunjwa ili kishindo kisisikike, anatwanga upya. Alituapisha mie na mdogo wangu Mfaume tusiseme neno. Ukirudi unamkuta anachambua mchele, kama hajui kitu! Kahawa ikarudi kuwa kahawa. Mwalimu Gozbert akaomba kikombe cha pili, benchi likajaa. Ukawa unatamba, "Mkono umepona huu!" Mama akawa anainamia mchele wake asicheke.

Miezi ikaenda hivyo. Mpaka jioni ile ulipotoka kijiweni, ukavua viatu, ukakaa kwenye kiti chako, ukamwambia kwa sauti ya chini: "Mama Munira, ya leo uliitwanga ikawa unga. Imetoka chungu. Kesho punguza kidogo."

Mama alijiziba uso kwa kanga. Halafu mkacheka nyote wawili mpaka mkashikana mabega, tukaja mbio kuona kuna nini. Kumbe ulikuwa unajua siku zote! Ulimwacha atwange, naye akakuacha utambe. Alfajiri yake tulikuja kukuamsha uswali, hukuamka.

Kijiwe kipo, Baba. Mfaume ndiye anayebeba birika. Mama siku hizi anatwanga uani mchana kweupe, maana hana wa kumficha. Anaisugua ile kahawa kwa vidole viwili, anageukia kiti chako akuulize, ndipo anakumbuka. Inatuuma sana kumwona. Mwalimu Gozbert anasifia kila kikombe. Mwongo yule, anamwonea Mama huruma tu.

Kisomo ni leo baada ya swala ya alasiri, nyumbani Tandika. Majirani na watu wote wa kijiweni, karibuni.

Unakumbukwa na mkeo Bi. Zuena, wanao Munira na Mfaume, dada yako Bi. Mwanaidi, wajukuu zako, Mwalimu Gozbert na benchi lako zima. Mwenyezi Mungu akurehemu, akupe kauli thabiti.

Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote. Kahawa ya kisomo ameitwanga Mama. Amepunguza kidogo, kama ulivyomwambia.