Simu ya Msiba wa Tepe

Mdogo wangu Editha,

Ziwa la huku Gisenyi limetulia, ila mimi nimechafukwa na roho. Namba ya simu ya dukani nilikuachia kwa ajili ya msiba tu. Wewe ukampa mwenyekiti wa kamati ya harusi!

Jana mchana shangazi, na mguu wake ule mbovu, alinikaangia sambaza, vile vidagaa vya hapa vinavyoliwa pamoja na vichwa vyake. Sahani imetua tu, mwenye duka akaita: simu, Bukoba! Nikakimbia kandambili mkononi, nikijua tumefiwa. Kumbe yule bwana anauliza tepe za ukumbini ziwe za pinki au za zambarau. Mtu mzima na tai yake!

Niliporudi, samaki wamepoa. Shangazi hakuonja hata mmoja. Unajua hawezi kula kabla ya mgeni.

“Nani amekufa?”

“Hakuna. Ni habari ya tepe.”

“Bon. We uko mu kamati ngapi?”

Nikaanza kuzihesabu kwa vidole. Nilipohamia mkono wa pili, nikaona aibu.

“Na kamati yangu mi,” akasema, “iko na nani ndani?”

Basi, nimejiuzulu zote. Tepe za rangi zote mbili ziko chini ya kitanda changu huko nyumbani. Mpelekee mwenyekiti ajivishe shingoni, rangi aipendayo. Mimi sitoki hapa mpaka huyu aliyetulea atembee vizuri.

Anakusalimu kwa mapenzi mengi. Anauliza, wewe uko mu kamati ngapi?

Dada yako,
Jovina