Jembe la Mama

Kitengela, Alhamisi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumaini unasoma haya ukiwa mzima, goti limepoa na mvua haijaozesha vitunguu. Mimi niko salama na nakula vizuri. Ningepiga simu, lakini leo sina nguvu ya kusikia sauti yako. Nimempa Kiilu wa lori la vitunguu akuletee mkononi.

Mama, muziki umeshika. Ule wimbo wangu wa jembe lililoegemezwa ukutani, halina wa kulishika, sasa unachezwa redioni. Juzi niliuimba Kajiado, mimi na gitaa tu, na hata wazee waliotoka kuuza mbuzi sokoni walinyamaza wakasikiliza. Ulisema nikiacha ualimu nitalala njaa. Sijalala.

Unajua niliutunga wakati goti lilikuzuia kwenda shambani msimu mzima. Maana yake ni goti, basi. Lakini siku ya kwanza kuuimba hapa Kitengela, Immaculate, mwenyekiti wa kina mama kanisani kwetu, alinikumbatia akilia, akanipa pole kwa kufiwa na mama. Nilitaka kumwambia ni goti. Watu wote walikuwa wanapangusa machozi, nikaona haya kuwaharibia. Nikasema asante.

Kufika Kajiado nilikuwa nasema mwenyewe, kabla ya kupiga gitaa, kwamba umelala kwetu Kimana, kando ya shamba. Walipiga makofi sana. Mwaitu, nimekuzika ukiwa hai ili nipigiwe makofi, na wewe ndiwe uliyenikataza hata kusimulia ndoto ya mtu kufa. Naona aibu mpaka chakula kinanishinda. Pale juu nimekudanganya, sili vizuri.

Sasa ubaya ni huu. Kina mama wamekasirika kwamba nililia peke yangu, hakuna aliyekuja matangani. Nimewaambia ni mbali, nimewaambia kuna jua kali. Wamesema mtoto haachiwi msiba peke yake. Jumamosi tunakuja gari zima, na sukari, unga, majani chai, na maua ya kuweka kaburini. Nitajaribu kuwaambia ukweli njiani, lakini najijua.

Kwa hivyo nakuomba usiende shambani siku hiyo. Keti nje, mahali watakuona kutoka mbali, maana wengine wako na presha. Na uwapikie chai, Mama, hata kama mimi hutaniwekea kikombe.

Msalimie ndugu yangu Muteti, na majirani wakiuliza, waambie nakuja.

Ni mimi mtoto wako, kama bado unanitaka,
Syokau