Blanketi Lisilo na Katikati

Kirumba,
Mwanza.
9 Agosti 1994.

Mpendwa Dada Teodora,

Na hilo la mbeleko bado sijalimaliza, kwa hiyo naendelea pale nilipoachia katika barua ya mwezi wa sita, ambayo hukuijibu. Lakini Mama alitufundisha kwamba hata mtu uliyegombana naye unamsalimu kwanza. Shikamoo Dada. Habari za Kigoma? Shemeji hajambo, na kile kikohozi chake cha vumbi la reli kimepungua? Sisi huku ni wazima. Upepo wa ziwa umekuwa mkali wiki hii, nimeanua shuka moja kutoka kwenye paa la jirani, lakini ni wazima.

Mimi ni mzima kupita kiasi, kama unataka kujua. Ndoa yangu ina miezi minne na bado naona kama niliolewa jana. Mihayo akirudi kutoka kiwanda cha minofu ananukia sangara mpaka kwenye nyusi, na mimi namkimbilia hivyo hivyo mlangoni. Majirani wanacheka. Asubuhi anapiga mswaki huku akiimba, povu linaruka, na mimi nasimama namtazama kama vile naangalia sinema. Dada, kumbe mtu anaweza kupendwa hivi! Ungekuja kwenye harusi ungeona jinsi alivyolia alipoona natembea kanisani na Baba. Hukuja. Hata kadi hukutuma.

Basi nikupe habari za blanketi. Unajua Mama aliacha sanduku la vitambaa, vile vyenye kasoro ambavyo Baba alikuwa akivinunua kiwandani kila wanapochapa nakshi mpya. Miaka kumi na tisa ya kazi ya Baba imo mle: samaki wa bluu, korosho nyekundu, yale maua ya njano ambayo rangi ilimwagika. Mama alikuwa akisema ataviunga viwe blanketi moja. Hakuwahi. Sasa kiwanda kimepunguza watu, Baba ametakiwa kuhama nyumba ya kazini, na mwezi wa tisa anarudi Misungwi. Macho yake yamefunga ukungu, haoni tena nakshi alizozichapa mwenyewe. Ameniomba kitu kimoja tu, blanketi hilo, alale chini yake na kuvipapasa vile vitambaa kwa mkono. Nimemwahidi.

Kwa kujidai kwangu, sikuchagua mraba kwa mraba kama mtu mwenye akili. Nilichagua nyota, ile tuliyochorewa na mwalimu wa sayansi kimu kidato cha tatu. Vipande vidogo vyenye pembe kali vinazunguka, mstari juu ya mstari, na vyote vinaelekea kwenye kitambaa kimoja cha katikati, upana wa sinia. Pembe moja ikikosea kwa unene wa uzi, nyota nzima inafura kama andazi. Nimefumua mara tano. Kitambaa cha zamani kizito kinavuta huku, hivi vipya vya madukani nilivyojazia vinateleza kule. Vidole vyangu vimetoboka.

Jirani yangu Mama Akelo, yule anayekaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, pale karibu na soko la Mwaloni, alinikuta nimekaa katikati ya vipande akashika kiuno. "Bibi harusi, mitumba imejaa mji mzima, blanketi la Ulaya unalipata kwa bei ya sabuni, wewe unakata vitambaa ili uvishone tena? Hiyo si kazi, hayo ni mashitaka!" Nikacheka. Lakini alipoondoka nililia kidogo, kwa sababu mimi najua kwa nini nyota haikai.

Haikai kwa sababu katikati ni tundu. Na katikati ni pa mbeleko.

Ile kanga ya Mama ya zambarau, iliyoandikwa MTOTO SI MZIGO, ambayo Mama alikubebea wewe mgongoni, akanibebea na mimi. Kwetu nguo za marehemu hazichaguliwi, unajua vizuri kuliko mimi. Siku ya kuondoa matanga Shangazi Dorotea anakaa mkekani na rundo mbele yake, anaita jina, unapokea ulichopewa na unashukuru, na mbeleko inakwenda kwa kitinda mimba. Mimi ndiye kitinda mimba. Na wewe, mbele ya ukoo wote, kabla jina lolote halijaitwa, uliinama ukaivuta kutoka chini ya rundo ukaifunga kiunoni, ndani ya kitenge chako. Nilingoja Shangazi akukemee, yeye anayekemea hata mapadri. Alitazama pembeni akaita jina la kwanza. Nilijua basi kwamba mkubwa ni mkubwa, na mdogo kazi yake ni kunyamaza.

Kwenye barua ile nilikuuliza swali moja, na nalirudia hapa: mtu asiyekuwa na mtoto anataka mbeleko ya nini?

Sitaki kuandika zaidi leo. Nimelikunja blanketi nikaliweka juu ya kabati, lipumzike nami nipumzike. Nitashona vitu vidogo kwanza.

*

Jumatano, jioni.

Naendelea. Vitu vidogo ni dawa, Dada. Nimeshona kitambaa cha kufunika redio chenye lesi pembeni, na Mihayo anapofungua taarifa ya habari anakiinua kwa vidole viwili kama mtu anayemfunua bibi harusi shela. Nimeshona vishikio viwili vya sufuria. Nimeshona foronya mbili, moja nimetarizi M, nyingine M, kwa hiyo tunagombania mto kila siku hatujui wa nani ni upi. Kitu unakianza saa nne, saa sita kimekwisha, na hakuna mtu wa kukukumbusha kitu chochote.

Cherehani ni ile ile ya mkono ya Mama. Mihayo ananizungushia mpini huku mimi naongoza kitambaa. Anazungusha kwa nguvu mno, nampigia kelele, anasema, "Mke wangu, mimi nimezoea winchi." Ningependa umjue mume huyu. Au nisipende. Sijui.

Leo nimekata kofia ya mtoto mchanga kutoka kwenye samaki wa bluu, kwa ajili ya mjukuu wa Mama Akelo anayetarajiwa wiki hizi. Ni ndogo, inakaa kwenye ngumi yangu. Jumapili nitampelekea Baba aipapase, ili angalau aone kwamba vitambaa vyake havilali bure.

*

Jumapili, 14 Agosti.

Dada, nimerudi kutoka kwa Baba sasa hivi. Sijavua hata viatu.

Nilimkuta kibarazani, vyombo vyake nusu vimefungwa kwenye magunia. Nikamwekea ile kofia mkononi. Akaipapasa polepole, mshono, ukingo, akaingiza vidole viwili ndani. Akasema, "Samaki. Hii tulichapa mwaka ule wa mvua kubwa." Nikafurahi. Kisha akauliza ni ya nani, nami nikasema ni ya mtoto mchanga. Akaifunika ile kofia kwa viganja viwili.

"Kumbe dada yako amekuambia."

Nikamjibu kwa kiburi kwamba dada yangu hajaniambia neno tangu matanga. Hapo Baba akaanza kulia, yale macho yake meupe, na akaniambia yote.

Kwamba ulikuwa na mimba siku ile ya matanga, ya tatu baada ya mbili kuharibika, na hukutaka mtu aitaje. Kwamba Shangazi alikuona unavyoshika ukuta ukiinuka, akajua, ndiyo maana alitazama pembeni. Kwamba mwezi wa kumi na mbili ulijifungua msichana, mkamwita Kija, jina la Mama. Kwamba alikaa siku kumi na moja. Kwamba ulimbeba kwenye mbeleko siku zote hizo, hata ndani ya nyumba, na kwamba alizikwa ndani yake.

Barua yako ilifika mwezi wa kwanza. Katekista Mayala ndiye aliyemsomea Baba. "Nilisema nitakuambia harusi ikipita," akaniambia. "Harusi ikapita, nikasikia unavyocheka, nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo haikuja mpaka leo."

Dada, mimi nilicheza. Nilicheza muziki mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, na wewe ulikuwa na miezi minne tu tangu umzike. Halafu nikakuandikia lile swali. Nililiandika kwa wino mwekundu ili ulione vizuri.

Mihayo amesoma karatasi za mwanzo za barua hii akasema nizichane nianze upya, nimwandikie dada yangu kama mtu. Nimekataa. Ni mara ya kwanza nakataa alichosema, na imeniuma. Lakini nikizichana nitakuwa nami naficha, na katika familia hii waliokwisha kuficha wanatosha. Zisome. Ndivyo nilivyokuwa.

Na sitakudanganya kwamba uchungu umekwisha. Nina uchungu na Baba. Nina uchungu na Shangazi, aliyeona akanyamaza. Nina uchungu na wewe pia, ndiyo, na wewe. Mlikaa mkaamua kwamba kitinda mimba hawezi kubeba jambo zito, abebe maua tu. Ningekuja, Dada. Ningeiahirisha harusi, Mihayo angeelewa, ningepanda treni na kukaa nawe chini sakafuni. Mliniachia furaha ya kijinga, na sasa kila ninapoikumbuka siku ile nzuri kuliko zote naona aibu. Mmeniharibia hata hiyo.

Halafu nakumbuka wino mwekundu, na sina wa kumlaumu.

Jioni hii nimelishusha blanketi kutoka kabatini. Nimelitandaza kitandani nikalitazama lile tundu. Kwa miezi miwili nimekuwa nikisema ni wewe uliyelitoboa. Pembe thelathini na mbili zinaelekea pale, na hakuna hata moja iliyokosea sana, kumbe. Nilikuwa nazivuta kwa hasira. Nimeshona mstari mmoja wa mwisho bila haraka, ukalala.

Baba anasema blanketi lake linaweza kungoja. Ameniambia nilipeleke kwako kwanza, ulale nalo hata usiku mmoja, ndipo liende Misungwi. Ile kofia ya samaki nimeirudisha kwenye mkoba. Mjukuu wa Mama Akelo nitamshonea nyingine. Sijui kama utataka kuiona. Nitaiacha ndani ya mkoba, wewe ndiye utakayesema.

Nisalimie Shemeji sana, na umwambie namwomba radhi, maana najua ile barua naye aliisoma. Baba anakusalimu na anasema mkono wake haujasahau uso wako. Shangazi Dorotea sijamsalimia bado, nikipoa nitamsalimia na zako nitampa. Mihayo anakuamkia shikamoo, ingawa hamjaonana. Mama na Kija walale pamoja pazuri, mkubwa amshike mdogo, na Mungu akushike wewe uliyebaki.

Mihayo amekwenda stesheni mwenyewe kuniulizia. Nitapanda treni ya Ijumaa tarehe ishirini na sita, nibadilishe Tabora. Usinipikie, usisafishe nyumba, usije stesheni kama hutaki watu wakuone ukilia. Nitafutie tu kitambaa cha katikati, chochote ulichonacho, hata kile unachofutia meza. Na kama huna, au hutaki kuweka kitu pale, basi tutakaa wawili tulipinde lile tundu ukingoni kwa uzi imara, lisiendelee kuchanika. Hiyo nayo ni kazi ndogo, ya siku moja. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwako.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupenda hata nilipokuwa nakuandikia kwa wino ule,

Modesta